Mizigo ya Wasafiri, Bukoba Mpaka Muleba

Mtu akitaka kuijua nchi, huambiwa atazame milima yake, maziwa yake na majengo yake makubwa. Mimi naongeza neno moja: atazame pia mizigo ya wasafiri warudio kwao kutoka mjini. Humo ataona watu wanapungukiwa na nini, na wanatumaini nini.

Mwezi wa Aprili nilitumwa mjini Bukoba kununua madaftari na wino wa muhuri kwa ajili ya ofisi ya parokia yetu. Shughuli ilikwisha mapema, nikaingia katika haisi ya kurudi Muleba. Kabla haijaondoka mvua ikaanza. Mgeni angedhani ni gharika, lakini sisi twaizoea. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Dar es Salaam, ingawa ipo kando ya bahari, hupata zaidi kidogo tu ya nusu ya hizo. Sababu ni Ziwa Viktoria lenyewe. Upepo utokao ziwani huja umebeba unyevu, nao ukipanda ukingo wa milima yetu hupoa na kuuacha chini. Kadiri uendavyo magharibi, kuelekea Karagwe, ndivyo mvua hiyo ipunguavyo.

Tukiwa tumebanana ndani, nikaanza kuhesabu mizigo. Mama mmoja alikuwa na madumu mawili mapya ya manjano. Kijana alikumbatia kisanduku cha taa ya jua. Mzee mmoja alishika kikasha cha miwani kama mtu ashikaye yai. Na juu ya gari fundi mmoja alikuwa amefunga bati bapa mbili. Hapakuwa na kitu hata kimoja cha fahari. Lakini nimekwisha kuona mara nyingi kwamba vitu kama hivyo ndivyo vinavyogeuza maisha ya nyumba, kuliko vile vikubwa tunavyovitangaza.

Nianze na yale madumu. Kijana wa leo hudhani dumu limekuwapo tangu zamani, kumbe lina safari yake. Wajerumani walilibuni la chuma katika miaka ya 1930, la kubebea petroli ya jeshi. Waingereza wakaliiga vitani na kulipa jina la utani walilowapa Wajerumani, ndiyo maana Wakenya husema “jerikeni”. Hili letu la plastiki aghalabu hufika limejaa mafuta ya kupikia, na mafuta yakiisha hubaki mtumishi wa nyumba. Bibi zetu walichota kwa mtungi, nao mtungi ukijikwaa nao siku moja, umekwisha. Debe lilifuata, lakini halikuwa na kifuniko, likammwagia mbebaji maji shingoni njia nzima, tena likashika kutu. Dumu lina mkono, lina kifuniko, hufungwa nyuma ya baiskeli, wala halivunjiki likianguka.

“Zamani nilikuwa nafika nyumbani na nusu ya maji, na nguo zimelowa,” alisema yule mama. “Sasa nafika nayo yote.”

Kweli. Ila uzito haukupungua. Lita 20 za maji ni kilo 20, nazo hupanda mlima juu ya kichwa cha mtu. Neno hilo nitalirudia.

Tulipofika Kemondo, gari likasimama abiria wateremke. Toka hapo ziwa laonekana chini na gati lake. Yule kijana wa taa akaanza kusema habari za wavuvi, kwa kuwa mwenyewe alipata kuvua dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, pasipo mbalamwezi, kwa kuwa huifuata nuru ya taa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye kupigwa pampu. Kioo cha moto kikipata matone ya mvua hupasuka, na mafuta yalikula sehemu kubwa ya pato la usiku. Siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za betri, zinazotiwa umeme mchana, hata kwa nguvu ya jua.

“Nikajiuliza,” akasema, “dagaa wamepata taa nzuri, na mama yangu bado yuko na koroboi?”

Tulicheka, lakini neno lake lilikuwa na uzito. Koroboi bei yake ni ndogo, lakini ni mgeni asiyekwisha kula, kwa maana kila jioni hudai mafuta. Tena mtoto aliyesoma mbele yake huamka na masizi puani, na mkono mmoja wa mtoto mdogo ukiugonga, moto upo kitandani. Taa ndogo ya jua huwekwa juani asubuhi, na jioni hutoa nuru bila kudai senti. Lakini kijana yule alituonya. Taa yake ya kwanza, isiyo na jina wala dhamana, ilikufa kabla ya miezi miwili. Safari hii ameiwasha kwanza mbele ya mwuzaji, akaomba risiti na karatasi ya dhamana. Kitu rahisi kinunuliwacho mara tatu si rahisi.

Baada ya Muhutwe mvua ikapungua, na migomba pande zote mbili za barabara ikawa inang'aa. Mzee wa miwani, aliyekaa karibu nami, akatoa karatasi mfukoni, akavaa miwani yake, akaisoma polepole, midomo ikitikisika. Ilikuwa stakabadhi ya mizani ya kahawa.

“Shikamoo, mzee. Naona unaipenda karatasi hiyo,” nikamwambia.

“Marahaba, mwanangu. Ni ya mwaka jana. Naisoma kwa sababu naweza.”

Akanieleza kwamba kwa miaka mitano alikuwa akimpa mjukuu wake kila karatasi amsomee: za kahawa, za michango, hata barua moja iliyohusu mpaka wa kibanja chake. “Sisemi nilidanganywa,” akasema. “Nasema nilikuwa sijui kama nimedanganywa au sivyo. Hilo lilininyima usingizi.”

Alidhani ni upofu unakuja. Siku moja alikwenda hospitali kwa ajili ya mguu, na mwuguzi wa macho akamwambia habari ambayo yafaa kila mwenye umri aijue. Tukikaribia miaka 40 na kuendelea, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, haikunjuki tena vizuri kutazama vitu vya karibu. Ndiyo maana mtu huanza kuishika karatasi mbali, mpaka mkono wake unakuwa mfupi. Hilo si ugonjwa, ni umri, na dawa yake ni vioo viwili. Mzee alipimwa kwanza, akapewa namba yake, kisha akanunua. Na apimwe kila mtu kwanza, kwa sababu mtoto wa jicho na magonjwa mengine hayaondolewi kwa miwani ya mkononi mwa mchuuzi.

Sasa nije kwenye zile bati bapa mbili, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Wazee wetu waliishi katika nyumba za msonge, zilizoezekwa kwa nyasi. Katika miaka ya 1950 bei ya kahawa ilikuwa nzuri, na chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1950. Fedha ikaingia vijijini, na nyumba za bati zikaongezeka. Bati ilikuwa heshima. Mtu alipita barabarani akaona paa linang'aa katikati ya migomba, akajua kwamba mwenye kibanja kile si mtu wa mchezo. Hata leo tunalitolea jasho. Lakini tukitazama chini ya ukingo wa paa, mara nyingi hapana kitu. Mvua hupiga bati, huteremka, huchimba shimo kando ya ukuta na kwenda zake. Na asubuhi mama na watoto wa nyumba ile ile huteremka bondeni kuchota maji chemchemini.

Mimi ni mkosaji wa kwanza katika jambo hili. Baada ya kutoka chuo cha ualimu nilifundisha kwa muda katika shule moja ya msingi, kabla ya kuwa karani. Palikuwa na msichana wa darasa la nne aliyechelewa karibu kila siku. Asubuhi moja ya mvua kubwa alifika saa mbili na nusu, miguu yake ina tope hadi magotini.

“Kwa nini umechelewa?” nikamwuliza.

“Maji, mwalimu,” akajibu.

Nilidhani asema habari za mvua, nikaona ni kisingizio, kwa kuwa wenzake walikuwa wamefika. Nikamsimamisha nje, chini ya upenu wa darasa, mpaka kipindi kiishe. Akasimama pale kimya. Maji ya paa yakawa yanamwagika mbele ya vidole vya miguu yake kama pazia, mimi nikiendelea kufundisha hesabu. Mtoto mwingine ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mama yake msichana yule alikuwa amelala ana mimba nzito, naye alikuwa ameteremka bondeni mara mbili tangu alfajiri. Nimeandika mambo mengi katika madaftari, lakini hilo sikuliandika popote hata leo.

Krismasi ya mwaka juzi, mimi na ndugu zangu tulichanga kidogo kidogo kwa ajili ya shangazi yetu, aishiye ng'ambo ya Muleba na wajukuu wawili. Wengine walitaka tumnunulie kochi. Mimi nikasema tununue mifereji ya paa, au gata, kama mafundi wasemavyo, pamoja na tangi la plastiki la lita 1,000.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya shangazi ina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, yaani mita 48 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida tu, huangusha juu yake lita 480. Tukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, zabaki lita 384, yaani madumu 19. Mvua tatu za namna hiyo hujaza tangi na kulimwagia. Nyumba yake hutumia madumu matano kwa siku, basi tangi lililojaa ni maji ya siku 10.

Kazi nayo si ya ajabu. Yule fundi wa garini alituonyesha kwa vidole. Bati bapa moja ya futi 8 kwa 4 hukatwa kwa urefu vipande vinne, kila kimoja futi moja. Hukunjwa, huunganishwa, nayo yatosha upande mmoja wa nyumba kama ile, na bati mbili hutosha pande zote. Mfereji uteremke kama sentimita moja kwa kila mita, kuelekea kwenye tangi. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yaende, kwa kuwa yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe, na mdomo wake uwe na wavu mwembamba, kwa sababu mbu hupenda maji yaliyotulia. Na maji ya kunywa yachemshwe.

Sisemi kwamba chemchemi imesahauliwa. Mwezi wa Juni mpaka Agosti mvua huwa haba, na wajukuu hushika njia ya bondeni kama zamani. Lakini hiyo ni miezi michache, siyo mwaka mzima.

Jioni ile nilishuka Muleba, nikapita kumsalimu shangazi. Mvua ilikuwa imerudi. Tulikaa ndani tukila ndizi na maharage, na nje twasikia maji yakiingia tangini.

“Mwanangu,” akasema shangazi, “watu wakija hapa huulizia tangi. Hakuna aulizaye mgongo wangu. Lakini mimi nalala usiku sasa, na huyu mtoto afika shule kabla ya kengele.”

Basi, wasomaji, nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya kufungua mfuko: kitu hiki kitampunguzia nani mzigo? Tukijibu “watakaopita barabarani wataona”, tungoje kidogo. Tukijibu kwa jina la mtu wa nyumbani, mama, mtoto au mzee, huenda ndicho kitu chenyewe, hata kama hakiimbwi.

Limebaki deni langu. Mwaka jana nilipita katika ile shule niliyofundisha. Paa la madarasa mawili ni kubwa mara mbili na zaidi ya paa la shangazi, na upenu wake bado ulikuwa mtupu. Maji yalikuwa yakimwagika pale pale. Nimezungumza na wazazi, nao wamekubali kuchanga. Nami siku ile garini nilimwuliza yule fundi kama ana nafasi. Akaniambia bati zile mbili ni za mama mkwe wake, hawezi kuzigusa, na abiria wote wakacheka. Lakini ameahidi kuja Jumamosi kupima.