"Kubali Yaishe" Haifai Mahakamani

Kuna ushauri ambao kila mmoja wetu ameshapewa: kubali yaishe. Umechelewa kipindi, kubali yaishe. Umetuhumiwa kuvunja kioo cha bweni, piga magoti, omba msamaha, yaishe. Sisi tunaosoma ualimu tunaujua vizuri kwa sababu ndio unaoendesha shule nyingi. Mwanafunzi anayekiri haraka anaitwa mwenye adabu. Anayejieleza anaitwa mbishi.

Mwaka jana ushauri huo uliingia nyumbani kwetu. Binamu yangu, miaka 19, dereva wa bodaboda, aligombana na abiria kwa nauli ya elfu mbili. Akamkunja shati. Abiria akaenda polisi, na dogo akafunguliwa kesi ya shambulio katika mahakama ya mwanzo. Hati ya mashtaka ilisema alimpiga ngumi ya mdomo. Dogo alisema ngumi haikuwepo, na mwenzake wa kijiweni aliyeamua ugomvi alisema hivyo hivyo.

Usiku wa kuamkia siku ya kusomewa mashtaka kilikaa kikao cha ukoo. Baba mkubwa akasema, "Mjomba, hili ni kosa lako la kwanza. Sema ni kweli, utapigwa faini, tutachanga, yaishe." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anapiga hesabu ya nauli na siku za kazi zitakazopotea kwa kesi kuahirishwa.

Shangazi ndiye aliyeuliza: "Kwani ulimpiga?"

"Sikumpiga, mama. Nilimkunja shati."

"Basi kaseme hivyo hivyo."

Hapo ndipo vijana wengi tunapojikwaa. Hakimu akikuuliza kama shtaka ni kweli au si kweli, hapimi adabu yako. Ukisema "ni kweli" umekubali yaliyoandikwa kwenye hati, pamoja na ngumi ambayo hukuirusha. Ukishatiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, rufaa inakuwa finyu: unaweza kulalamikia adhabu, lakini kurudi kusema hukutenda ni kazi ngumu kweli. Na baadaye kuna fomu zinazouliza kama umewahi kutiwa hatiani. Faini mtachanga wote, ila hiyo fomu utaijaza peke yako.

Kusema "si kweli" nako si kumdharau hakimu. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Wanaopaswa kuithibitisha ni upande wa mashtaka.

Dogo alisimama, sauti inatetemeka: "Si kweli, mheshimiwa. Shati nilimkunja, ngumi sikumpiga." Wakaja wadhamini wawili na barua za serikali ya mtaa na vitambulisho vya NIDA, akatoka kwa dhamana. Dhamana yenyewe hailipiwi. Anayekuomba hela ya dhamana mkononi, mwombe risiti. Kesi ilipotajwa tena, abiria aliridhia suluhu, jambo ambalo sheria inaliruhusu kwa makosa madogo ya aina hii. Dogo alilipa shati, akaomba radhi kwa alichokifanya kweli, kesi ikaisha bila kutiwa hatiani.

Je, kama ulitenda kweli? Basi kiri, lakini usinyamaze baada ya hapo. Ukipewa nafasi ya kujitetea kuhusu adhabu, eleza kwamba ni kosa la kwanza, taja umri wako, masomo na wanaokutegemea. Kifungu cha 38 cha Kanuni ya Adhabu kinairuhusu mahakama kumwachia mtu bila adhabu, au kwa sharti asitende kosa lingine kwa muda usiozidi miezi 12. Ipo pia adhabu ya kutumikia jamii, chini ya sheria ya mwaka 2002. Na aliye chini ya miaka 18 ana Mahakama ya Watoto: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza asihukumiwe kifungo gerezani.

Walimu wenzangu, hawa kina dogo tutakuwa nao madarasani muda si mrefu. Mtoto akiletwa ofisini kwa tuhuma, tumuulize kwanza, "Ilikuwaje?", tumsikilize mpaka amalize, halafu ndiyo tuzungumze adhabu. Aliyezoea kueleza ukweli wake mbele ya mwalimu hatababaika sana akiuelezea mbele ya hakimu.