Sikuzunguka Nyuma

Mwaka 2017, Lubaina Himid alipokuwa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Tuzo ya Turner nchini Uingereza, niliandika gazetini kwamba Zanzibar haina cha kushangilia. Kazaliwa kwetu 1954, nilisema, baba akafariki, mama Mwingereza akaondoka naye angali kichanga. Kanga anazozichora ni pambo la kuazima. Niliandika hayo bila kuziona kazi zake kwa macho yangu.

Niliyoibeza zaidi ni Naming the Money ya mwaka 2004: watu 100 wa mbao, wa kimo cha mtu mzima, waliopakwa rangi kali. Wamo wacheza ngoma na wapigaji, mafundi viatu, wafunza mbwa. Ni Waafrika waliofanywa watumwa wa wakubwa wa Ulaya. Nilitazama picha za mbele tu, kwenye simu. Nikajua kwamba alisomea usanifu wa jukwaa, nikahukumu: haya ni mapambo ya tamthilia.

Kumbe mgongoni mwa kila mmoja pana maandishi: jina lake la asili, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyoifanya kwao na anayofanyishwa sasa. Wamesimamishwa ili mtu apite katikati yao, azunguke, asome. Jukwaa ndilo lililomfundisha Himid hilo. Nami nimelelewa na wanawake wa kanga. Tangu utotoni najua kwamba mama akishakupita ndipo unasoma jina la kanga yake. Nilikuwa na kila sababu ya kuuliza nyuma pana nini.

Maneno yangu hayakumdhuru Himid. Yalimdhuru mwanafunzi wangu, ambaye mama yake si mtu wa huku. Alikuwa akichora wachezaji wa ngoma ya msewe ya Pemba, mguu mmoja akiuchora mara tatu, kila mstari umefifia kuliko uliotangulia, hata ukahisi njuga zinatikisika. Nguoni mwao alitia nakshi za kwao mama yake. Nilimwambia achague upande mmoja, nikamtolea mfano makala yangu. Akachagua. Siku hizi anachora majahazi ya kuwauzia watalii, yote yametulia majini.

Kijana wangu, ukiyasoma haya, nisamehe. Warudie wachezaji wako, na zile nakshi za mama usizifute.