Mbingu Finyu ya Mji wa Kale



Mtu akisimama Ndia Kuu, pale roshani za mbao zinapoelekeana kutoka pande mbili za njia, akainua macho juu, mbingu anayoiona haizidi upana wa mkeka. Akiingia vichochoro vya Kibokoni hupungua zaidi, ikawa upana wa kilemba kilichokunjuliwa. Waliotujengea mji huu walikusudia iwe hivyo. Walitaka kivuli kwa mpita njia, walitaka upepo wa bahari upite baina ya kuta za matumbawe na chokaa, na walitaka sitara kwa watu wa nyumbani, dirisha la huyu lisitazame ua wa yule. Kwa karne nyingi mpango huo ulitosha, kwa kuwa hapakuwa na jicho la kutazama kutoka juu ila la kunguru.

Sasa jicho jingine lipo, na linauzwa madukani. Vijana wetu huirusha droni kwenye zefe za Maulidi, kwenye harusi, na jioni nyingine kwa kujifurahisha tu. Hatuna nia ya kuikataza droni kwa kuwa ni droni. Picha za mji wetu zilizopigwa kutoka juu ya maji ya bandari ni nzuri mno, na wapo vijana wanaopata riziki ya halali kwazo. Tunalotaka kulieleza ni jambo ambalo muuzaji halisemi na mzazi hana njia ya kulijua: chombo hiki hakiwezi kujishika angani bila ya mbingu pana, na mji wetu umejengwa kwa makusudi uwe na mbingu finyu.

Suala hili lilitufikia mwezi wa Oktoba, tulipoitwa kusuluhisha. Palikuwa na kupamba katika nyumba moja ya ghorofa mtaa wa Kibokoni. Wasomaji wetu wanawake hawahitaji kuelezwa kupamba ni usiku wa namna gani: ni wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, na simu zimekusanywa kapuni mlangoni. Kijana mmoja alikuwa amekodiwa na upande wa bwana harusi apige picha za taa zilizotandazwa njiani. Akaiweka droni yake juu ya baraza, kichochoroni, akairusha. Hazikupita dakika mbili ikaanza kuzunguka kama mwewe, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia, ikavuka ukingo wa paa na kuangukia ua wa juu, katikati ya wanawake, kamera yake ingali inarekodi. Bibi mmoja mtu mzima aliifunika kwa leso kama anayefunika chungu, akawazuia watoto wasiiguse.

Kijana alipoletwa mbele yetu alikuwa na neno moja tu: "Sheikh, ilinikimbia." Wazee waliokuwapo walimcheka. Sisi tuliona ni haki kwanza kuuliza kama chombo kinaweza kumkimbia mwenyewe. Asubuhi yake tukamchukua, pamoja na fundi anayetengeneza vyombo hivi, tukatembea nao mjini. Droni ilishikwa mkononi, mapangaboi yamefunguliwa isiweze kuruka, na kwenye simu tukawa tunasoma ni setilaiti ngapi inaziona.

Tulianzia uwanja ulio mbele ya Ngome ya Yesu, ile iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593. Pale mbingu ni wazi, upande mmoja mji na upande mmoja bahari. Hata hivyo kwa dakika kadhaa simu haikuonyesha kitu. Kijana akataka kusogea, fundi akamzuia. Setilaiti hizi huzunguka dunia, na chombo huweka kumbukumbu ya zipi ziko wapi. Droni iliyonunuliwa Dubai, ikafungiwa ndani ya sanduku na kuja kuwashwa Mombasa, bado ina kumbukumbu ya mbingu ya siku na mahali pengine. Ratiba kamili ya setilaiti zote za GPS huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa kutoka angani. Zipo droni na simu zinazoipata upesi kwa intaneti, lakini isiyo na msaada huo hungoja, na anayeirusha haingoji. Tulipongoja, idadi ilipanda polepole ikapita kumi.

Kazi ya setilaiti ni kama ifuatavyo. Kila moja, ikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200, inatangaza saa yake bila kukoma, na saa hizo ni sahihi kupita saa yoyote tuliyonayo majumbani. Chombo kilichoko chini hupima sauti hiyo imechelewa kwa muda gani, kikajua umbali wake na setilaiti ile. Kikipata nne, hujua kilipo na kimo chake. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. GPS ni mfumo wa Marekani. Warusi wana GLONASS, Ulaya ina Galileo na China ina BeiDou, na droni nyingi za leo husikiliza zaidi ya mmoja. Lakini sauti zote hizo zikitufikia huwa dhaifu sana, na ukuta wa matumbawe wa unene wa dhiraa moja hazipenyi.

Kutoka ngomeni tukashika Ndia Kuu. Idadi ikaanza kushuka. Tulipoingia ndani ya Kibokoni, mpaka kwenye baraza lile lililorushiwa droni, zilibaki nne, mara tano, mara nne. Kijana akasema, "Si nne zinatosha?" Zinatosha kwa hesabu, hazitoshi kwa kazi. Nne hizo zote zilikuwa juu ya ule ufito mmoja wa mbingu tunaouona, zimejipanga kufuata kichochoro. Ni sawa na mgeni anayeuliza njia kwa watu wanne waliokaa baraza moja: wote wanamwelekeza kutoka upande ule ule, na habari za upande wa pili hazipati.

Kisha kuna mwangwi, na huu ndio mbaya zaidi. Kila aliyelelewa Mji wa Kale anajua kwamba ukiwa kichochoroni adhana ya Msikiti wa Mandhry inaweza kukujia kutoka upande usio na msikiti. Sauti imegonga ukuta wa mbele, ikarudi. Mwenyeji hucheka, mgeni huifuata na kupotea. Mawimbi ya setilaiti nayo hugonga kuta na mapaa ya mabati, yakafika kwa chombo yakiwa yamezunguka njia ndefu, na chombo, kwa kuwa hakina wenyeji wowote, huamini kwamba kimesogea. Hapo husogea kweli, kujirekebisha kosa ambalo halipo. Hilo ni kosa la mita chache, na mara nyingine la mita 20. Kwenye shamba la minazi mita 20 si kitu, lakini Kibokoni ni nyumba tatu.

Vijana wengi hutegemea kitufe cha kuirudisha droni nyumbani. Wanapaswa kuelewa kwamba "nyumbani" kwa chombo ni pale kilipodhani kipo wakati wa kuruka. Kikirushwa kichochoroni na kosa la nyumba tatu, kitarudi kwa utiifu kamili, na kutua ua wa jirani wa tatu.

Lakini mzunguko wa mwewe haukutokana na setilaiti peke yake. Fundi alitambua mara moja kuwa ni ugonjwa wa dira. Setilaiti huiambia droni iko wapi. Kuijua inatazama wapi ni kazi ya dira ndogo iliyo ndani yake, jamaa ya dira za manahodha wetu. Dira ikidanganywa, chombo kinachotaka kurudi kushoto huenda mbele, kikajikosoa tena, tena vibaya, na duara likazidi kupanuka mpaka kikutane na ukuta. Kinachoidanganya ni chuma na sumaku: mizinga ya ngomeni ukisimama hatua chache nayo, spika za sherehe, gari, hata kifuniko cha simu chenye sumaku.

Katika hili sisi watu wa Mombasa tuna kipimo ambacho wengi hawana. Makka iko kwenye longitudo ya digrii 39 na dakika 50 mashariki. Mombasa iko digrii 39 na dakika 40. Yaani tuko karibu kabisa chini yake kwenye ramani, kiasi cha kilomita 2,800, na anayeelekea kibla hapa anaelekea kaskazini halisi. Ndugu zetu walioko Maskati huelekea magharibi. Ndiyo maana wazee wetu waliuita upande wa kaskazini "kibla", na kusini wakauita "suheli" kwa jina la nyota, na hati za zamani za nyumba na mashamba zikaandika mipaka kwa majina hayo. Basi mwenye droni aielekeze pua yake upande wa kibla, kisha atazame mshale kwenye ramani ya simu. Usipoelekea juu, dira imeharibika au mahali pale pameharibika.

Tulifanya hivyo juu ya lile baraza. Mshale ukapinda kuelekea Nyali. Tukasogea hatua kumi, ukarudi kwenye kibla. Baraza lilikuwa limekarabatiwa kwa zege, na ndani ya zege mna nondo. Lingekuwa la mawe na chokaa kama walivyoliacha waliolijenga, dira isingeona kitu.

Fundi alitaja na sababu ya tatu, na hii inahusu pwani yetu nzima. Setilaiti si jambo geni kwetu. Karibu na Malindi, pale Ngomeni, Waitalia walikuwa na jukwaa la San Marco baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Wakachagua hapa kwa sababu ya ukaribu wa ikweta. Lakini ukaribu huo una gharama yake. Katika nchi za ukanda huu, baada ya jua kuchwa, tabaka la juu liitwalo ionosfia huchafuka, na mawimbi ya setilaiti hupepesa kama nyota zinavyometameta. Hali hii huzidi katika miezi ya Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, na huanza baada ya Magharibi na kuendelea hadi usiku mkubwa. Ni saa zile zile za kupamba.

Kwa hiyo tulihukumu kwamba chombo kilimkimbia kweli, na kwamba yeye ndiye aliyekifungulia: kichochoroni, usiku, juu ya nondo, bila ya kungoja wala kupima. Hakukusudia kuangalia, na tukalisema hilo mbele ya familia zote mbili ili jina lake lisichafuke. Ama Suratu An-Nur imetufunza kutoingia nyumba za watu bila ya idhini, na hatukuona tofauti baina ya kuingia kwa mlango na kuingia kwa paa. Kadi ya kumbukumbu haikuwahi kutazamwa na mwanamume yeyote. Tulipendekeza ifutwe, mama wa bibi harusi akataka ivunjwe, ikavunjwa kwa mchi, na kijana akakubali hasara yake.

Wazazi wajue pia kwamba sheria ipo. Kwa kanuni za mwaka 2020 droni husajiliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na mwenye kuimiliki awe ametimiza miaka 18; kuinunulia mtoto kama mpira ni kumtia mtoto hatiani. Kisiwa chetu kimezungukwa na bandari ya Kilindini, uwanja wa ndege wa Moi, jeshi la majini Mtongwe na Ikulu, kwa hivyo idhini si jambo la kupuuza, na ndani ya ngome wenyewe ni Makumbusho ya Taifa. Wenye idhini warushe mchana, kutoka penye mbingu wazi, na wakumbuke kwamba kichochoroni hakuna upepo ila juu ya paa mna kusi au kaskazi kamili. Chombo kilichopoteza setilaiti huchukuliwa nao kama jani, na hapo mikono ya mrushaji ndiyo tegemeo pekee.

Na ninyi mlio majumbani, ikiwaangukia droni uani, fanyeni kama yule bibi: leso juu ya kamera, baada ya mapangaboi kusimama, maana hukata vidole. Msiipigie kelele dirishani mtaa mzima ukajua nani alikuwa hana buibui. Atumwe mtu mzima kumtafuta mwenyewe. Betri ikiwa imevimba, imetoboka au inanuka, isilazwe ndani usiku kucha. Iwekwe juu ya sakafu ya mawe, nje, mbali na mapazia na mikeka, kwani betri za aina hiyo zinaweza kushika moto saa kadhaa baada ya kuanguka.