Mzigo Mmoja, Begani na Kichwani

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja zinagombana. Moja yasema penye nia pana njia. Nyingine yasema mazoea yana taabu. Ya kwanza hupendwa na wahubiri, wazazi na walimu wakuu. Ya pili hupendwa na wavuta tumbaku. Nilifundisha kwa miaka zaidi ya 30, na katika muda huo niliitamka ile ya kwanza asubuhi nyingi mbele ya mstari wa wanafunzi. Naona sasa kwamba zote mbili zina ukweli, ila zimenyamaza juu ya jambo moja: watu hawafanani, na mwenye nia mmoja si mwenye nia mwingine.

Sisi wa Nzega na Tabora tunao mfano wa jambo hili katika historia yetu wenyewe. Katika karne ya 19 wapagazi wa misafara walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani, na kurudi na vitambaa, shanga na waya. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mpagazi wa pwani aliuweka kichwani. Mnyamwezi aghalabu aliuweka begani. Uzito ulikuwa ule ule, njia ile ile, na jua lile lile. Sijasikia kwamba msafara ulisimamishwa ili Mnyamwezi afundishwe kubeba kichwani kwanza.

Katika kubadili tabia za watu, mara nyingi tunausimamisha msafara kwa sababu hiyo hiyo.

Mwaka 1973 ilifanyika nchini kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili, katika vikundi vidogo vidogo, walikusanyika kusikiliza Radio Tanzania, kusoma kijitabu, kujadiliana, kisha kuamua la kutenda: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji ya kunywa. Nilikuwa mwalimu kijana, ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, nikapewa kikundi cha kuongoza. Redio ilikuwa moja na kijitabu kimoja, lakini kila mtu alikwenda nyumbani na somo lake.

Alikuwapo mama mmoja mchangamfu, mwepesi wa kusema na wa kuahidi. Wiki tatu zikapita, shimo la choo halijaanza. Siku majirani walipokubaliana kuchimba kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, yeye ndiye aliyekuwa akipita alfajiri kuwaamsha wengine. Alikuwapo bwana mmoja mkimya ambaye hakufungua kinywa tangu mwanzo hadi mwisho. Kama tungetoa alama kwa kushiriki mazungumzo, angepata sifuri. Tulipotembelea nyumba za wanakikundi tulikuta choo chake kimekwisha ezekwa, naye amejificha nyuma ya nyumba asipongezwe. Na alikuwapo kijana mwenye wasiwasi mwingi. Kila ugonjwa uliotajwa, kichocho au kifua kikuu, yeye aliuona tayari mwilini mwake, na alipoogopa sana aliacha kuja. Kumtisha zaidi kungekuwa kumfukuza. Kilichomrudisha ni kupewa kazi moja ndogo: kuhakikisha mtungi wa maji wa nyumbani kwao una kifuniko.

Chuoni tulikariri hulka nne za Wagiriki wa kale, zilizohesabiwa kwa majimaji ya mwili: damu, kohozi na nyongo za aina mbili. Hayo ya majimaji yamekwisha achwa. Wanasaikolojia wa leo hawawagawi watu katika mafungu, bali hupima viwango: mtu ana uchangamfu kiasi gani, wasiwasi kiasi gani, utaratibu kiasi gani. Wamegundua kwamba wenye utaratibu mwingi kwa kawaida hushika kanuni za afya kuliko wenzao. Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walifuatilia watu 96, kila mmoja akijijengea zoea jipya dogo, kama kula tunda au kunywa maji wakati wa chakula cha mchana. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Kwa makadirio yao, ilichukua kama siku 66 zoea kuwa jambo la kujiendea lenyewe, lakini aliyewahi alitumia siku 18 na aliyechelewa angehitaji siku 254. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na ugumu wa zoea lenyewe. Hata hivyo, fikiria huyo wa siku 254 akiwa siku ya mia moja, akimtazama mwenzake aliyemaliza zamani. Atajiita mvivu, kumbe yuko njiani. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi.

Haya si mambo ya kupitishia muda tu. Nina rafiki wawili, walimu wastaafu kama mimi, waliogunduliwa kuwa na shinikizo la damu karibu wakati mmoja. Wote waliambiwa yale yale: punguza chumvi, tembea, meza vidonge kila siku. Wa kwanza ni mtu wa daftari. Alichora jedwali, akaweka alama kila jioni, na mpaka leo anaweka. Wa pili ni mtu wa watu. Chakula hakimshuki akila peke yake. Tukamshauri afuate jedwali la mwenzake. Alilifuata kama wiki mbili, akaliacha, akaniambia, "Mwalimu, mimi sina nia kama ya mwenzangu. Niacheni tu." Akaacha na vidonge.

Haukupita mwaka, akapigwa kiharusi. Baada ya hapo mkewe aliamua nyumba nzima ile chungu kimoja, chenye chumvi kidogo. Mjukuu akawa anamletea kidonge pamoja na uji wa asubuhi. Wenzake wa bao wakawa wanampitia jioni, wanatembea naye polepole hadi barabara kuu na kurudi, wakibishana njia nzima. Siku hizi hakosi. Mwenye kusema hana nia leo ndiye anayewahimiza wengine viatu vyao. Lakini mkono wa kulia haujarudi, naye alikuwa mtu wa mwandiko mzuri.

Najua atakayesema: basi kila mtu aseme "ndivyo nilivyoumbwa," aendelee kuvuta na kunywa. Hapana. Hulka haikupi ruhusa ya kuutua mzigo. Inakuambia tu uubebe wapi. Mchangamfu asijifungie na daftari, atafute wenzake. Mkimya asilazimishwe kuapa mbele ya watu, apewe nafasi. Mwenye wasiwasi asiongezewe vitisho, apewe hatua moja anayoiweza leo. Na mwenye utaratibu asijione mtakatifu, kwa kuwa alizaliwa na nusu ya kazi imekwisha fanywa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na mwana, mume, mke au rafiki anayeshindwa kuacha jambo linalomdhuru, kabla ya kumwambia hana nia, mwulize amejaribu kwa njia gani, na njia hiyo alipewa na nani. Mara nyingi utakuta aliazima ya mtu mwingine. Mwambie ajaribu tena kwa njia yake, na umwambie mapema, mkono wake ungali unaandika.