Karura: Msitu ambako mtoto huendesha baiskeli bila kukwepa gari

Mzazi wa Nairobi akimnunulia mtoto baiskeli, kazi ngumu huanza baada ya kulipa. Mtoto ataiendesha wapi? Barabara kuu imejaa matatu na malori. Njia ya mtaani ni ya bodaboda. Hata pale chini ya nyumba za ghorofa, magari hurudi nyuma bila dereva kumwona mtoto mfupi aliye nyuma yake. Baada ya wiki chache baiskeli huegemezwa chini ya ngazi, magurudumu yakaisha upepo, na mwenyewe akakua hadi haimtoshi tena.

Hata hivyo, kilomita chache tu kaskazini mwa katikati ya jiji kuna mahali ambapo mtoto anaweza kukanyaga pedali saa nzima asikutane na gari la abiria wala pikipiki ya kubeba watu. Mahali hapo ni Msitu wa Karura.

Msitu huu una hekta 1,041. Umepakana na mitaa ya Muthaiga, Gigiri na Runda, na umekatwa na barabara mbili za lami, Limuru Road na Kiambu Road. Sehemu kubwa ya katikati, iliyo kati ya barabara hizo mbili, ndiyo inayopendwa na waendesha baiskeli. Ndani yake kuna njia za udongo mwekundu na changarawe zinazopishana kwa zaidi ya kilomita 50. Kwenye makutano mengi kuna vigingi vyenye nambari, kwa hiyo familia ikipotea inasoma nambari, inaangalia ramani, na kujua imefika wapi.

Wenye baiskeli zao huingia nazo, na wasio nazo wanaweza kukodisha msituni. Kiingilio hulipwa kwa njia ya kielektroniki, na watoto hulipa chini ya watu wazima. Ni vyema mzazi athibitishe ada za siku hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, kwani kiingilio na kukodisha baiskeli kwa familia ya watu watano si gharama ndogo.

Kinachoonekana njiani

Karibu na malango, njia ni pana na miti ni mirefu: mikaratusi na misanduku iliyopandwa kwa mistari tangu enzi za ukoloni. Jua hupenya kidogo tu, na hewa ni baridi hata saa sita mchana. Ukisonga ndani, mistari inapotea na msitu wa asili unaanza. Hapo kuna mihugu, mti mgumu ambao wachonga vinyago waliutumia kwa miaka mingi hadi ukawa adimu katika misitu mingi.

Kisha njia inateremka kuelekea mto. Mteremko huu ndio humfundisha mtoto breki kuliko maneno ya mzazi. Udongo mwekundu ukiwa mkavu hushika gurudumu vizuri. Mvua ikinyesha huteleza kama sabuni, na changarawe iliyolegea kwenye kona humwangusha anayekata kwa kasi. Baadaye huja kupanda, na hapo watoto wengi hushuka na kusukuma. Hakuna ubaya. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na pumzi za mlimani huchosha hata mtu mzima.

Maporomoko ya maji ya Mto Karura na mapango yaliyo karibu, ambayo inasimuliwa kuwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo, hufikiwa kwa miguu kwenye vijia vyembamba. Baiskeli huachwa juu. Msituni pia kuna kima, paa wadogo na pongo. Mbega wenye manyoya meusi na meupe waliletwa kuanzia 2014 kutoka Kipipiri, Nyandarua, na sasa huonekana wakiruka juu ya njia. Kima hawaogopi watu, na mkate ulioachwa juu ya kiti cha baiskeli hauchukui dakika.

Kwa nini mwili wa mtoto unahitaji njia hii

Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya nguvu ya wastani au zaidi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Wale wa miaka mitatu na minne wanahitaji kuwa katika mwendo kwa dakika 180 kwa siku, na muda wa kutazama skrini usizidi saa moja. Kwa mtoto anayetoka shuleni kwa basi na kuingia moja kwa moja katika nyumba ya vyumba viwili, dakika hizo hazipatikani kwa urahisi.

Baiskeli kwenye njia ya changarawe inafanya kazi kadhaa kwa pamoja. Moyo na mapafu hufanya kazi. Misuli ya mapaja hupata nguvu bila magoti kubeba uzito wote wa mwili, jambo linalomfaa sana mtoto mzito ambaye kukimbia kunamuumiza na kumtia aibu mbele ya wenzake. Ardhi isiyo sawa humlazimisha kusawazisha mwili na kutazama mbele.

Macho nayo hunufaika. Katika uchunguzi uliofanywa Guangzhou, Uchina, na kuchapishwa 2015, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa takriban asilimia 30, ilhali katika shule ambazo hazikuongezewa muda huo walikaribia asilimia 40. Mwangaza wa mchana na kutazama vitu vilivyo mbali husaidia jicho linapokua.

Nusura msitu usiwepo

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kimyakimya kwa watu binafsi waliotaka kujenga nyumba za kifahari. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement waliingia kupanda miche mahali miti ilipokuwa imekatwa. Tarehe 8 Januari 1999 walivamiwa na walinzi, na Maathai akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, na Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Hata baada ya hapo, wakazi wengi waliogopa kuingia msituni kwa sababu ya majambazi. Hali ilibadilika Shirika la Huduma za Misitu Kenya liliposhirikiana na jamii za jirani, kupitia kundi la Friends of Karura, kuweka ua wa umeme na walinzi. Baadhi ya walioajiriwa kulinda walitoka vijiji vinavyopakana na msitu, kama Huruma. Njia anayopita mtoto leo ilipaswa kuwa lango la nyumba ya mtu.

Kabla ya kwenda

Mtoto avae helmeti inayombana sawasawa, ikikaa vidole viwili juu ya nyusi, kwa kuwa jeraha la kichwa ndilo hatari kubwa zaidi hata pasipo magari. Anayejifunza ashushiwe kiti hadi nyayo zake zikanyage chini, na pedali ziondolewe kwanza ili ajifunze kusawazisha kwa kusukuma na miguu. Mara nyingi njia hii ni ya haraka kuliko vigurudumu vya kusaidia, ambavyo havimfundishi kuegemea kwenye kona.

Familia ifike asubuhi, ipite kushoto, na ipunguze mwendo mbele ya wanaotembea. Maji yabebwe katika chupa ya kutumika tena, kwani plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini tangu 5 Juni 2020. Mvua ikiwa imenyesha usiku, ni heri safari isubiri siku mbili udongo ukauke.

Kwa wazazi wa Kayole au Kawangware, Karura ni matatu mbili na kiingilio juu yake, na haiwezi kuwa safari ya kila wiki. Mtoto wao anahitaji dakika 60 zile zile. Kila uwanja wa shule unaofungwa wikendi na kila kipande cha ardhi ya umma kinachozungushiwa mabati mtaani ni njia ya baiskeli ambayo mtoto fulani ameikosa.