Krimu ya Ganzi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watu wengi hudhani kwamba mtoto aliyezoea hospitali huizoea pia sindano. Hao, wapenzi wasomaji, hawajamwona mdogo wangu.

Ana miaka saba na ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao kwetu sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria si mgeni. Chembe zake nyekundu za damu hujipinda mithili ya mundu na kuziba mishipa midogo, ndipo maumivu ya mifupa humshika. Akifikishwa hospitalini mara nyingi hutiwa dripu. Lakini mishipa iliyodungwa mara kwa mara huwa migumu, na mtoto akipungukiwa maji mwilini, mishipa hunywea isionekane. Mwaka jana alidungwa mkono wa kulia, wa kushoto, kisha mguuni, huku mimi na mama tumemshika kama kuku wa kuchinjwa. Tangu siku hiyo akiona koti jeupe tu, machozi humtoka njia mbili mbili.

Daktari wa kliniki ndiye aliyetuambia kuna krimu ya ganzi. Ndani yake mna dawa mbili, lidokaini na prilokaini. Wanakemia wenzangu watapenda hili: kila moja peke yake ni ngumu, lakini zikichanganywa huyeyuka zikawa kama mafuta, ndiposa zikapenya ngozi. Lidokaini ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943 na Nils Löfgren, na madaktari wa meno huitumia hadi leo.

Haisuguliwi kama mafuta ya kujipaka. Hupakwa tabaka nene juu ya mshipa, ikafunikwa kwa plastiki inayonata na kuachwa saa moja nzima. Penye kidonda haipakwi. Daktari alituonyesha kiasi, akaonya tusizidishe, kwani prilokaini ikizidi damu hushindwa kubeba oksijeni sawasawa.

Siku ya kwanza sista alipoipangusa, lo! Ngozi ilikuwa imepauka na mshipa umejificha. Kumbe krimu hiyo hubana mishipa kwa muda. Moyo ulinidunda, lakini sista hakubabaika. Alikanda mkono kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, tukangoja dakika chache, mshipa ukainuka. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho, tayari kulia.

"Sista, utanidunga saa ngapi?"

Dripu ilikuwa ishaanza kudondoka. Alisema alihisi kusukumwa tu, kama mtu aliyemgusa kwa kidole.

Jirani mmoja alimwambia mama kuwa hiyo ni anasa, eti uchungu wa sindano ni wa dakika moja. Dakika ya nani? Krimu si ya bei ya njugu, nakubali, lakini mtoto akitulia hata sista hufanya kazi yake vizuri.

Usiku akishikwa na homa kali au kupumua kwa shida, daktari alisema hakuna kungoja krimu, na hapo kilio huwa pale pale. Siku za kliniki ni tofauti. Matatu kutoka kwetu huchukua karibu saa moja, kwa hivyo mama humpaka nyumbani. Yeye huketi dirishani, mkono ameulaza pajani kama yai, na makanga akija kudai nauli humwambia, "Usiniguse hapa, panalala."