Taabu ya Kutafuta Nyumba

Mtu aliye na nyumba yake mwenyewe labda ataona maneno haya ni madogo. Lakini yule anayehesabu kodi kila mwisho wa mwezi atayafahamu upesi, wala hatuna haja ya kumweleza sana.

Sisi ni katekista wa parokia moja hapa Lubumbashi, katika komini ya Kenya. Asubuhi tunafundisha shuleni, jioni tunafundisha wakatekumeni, na zamani zile ilikuwa juu yetu pia kufungua mlango wa kanisa kabla ya Misa ya saa kumi na mbili. Kwa muda wa miaka sita tulikaa karibu kabisa, katika vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mzee mmoja. Kengele ya kwanza ilipolia tulikuwa tungali tukinawa uso, na hata hivyo hatukuchelewa. Kodi ilikuwa dola 40, na mwezi tulipokosa, mzee alingoja pasipo maneno mengi. Katika mwezi wa tano wa mwaka 2022 akafa. Tuliongoza sala za matanga. Kabla ya siku arobaini kutimia, watoto wake wakatuita uani, wakasema: «Mwalimu, utusamehe, tunauza parsela. Mutafute pahali pengine mbele ya mvua.» Tungesema nini? Parsela ni yao.

Ndipo tulipoanza kutembea.

Katika mji huu nyumba haitafutwi kwa macho tu. Yuko komisionere, akaaye kando ya njia na daftari yake, naye ndiye anayejua ni mlango gani utakaofunguliwa. Wakati ule ulimlipa franka 5,000 akuonyeshe, nyumba iwe nzuri, iwe mbaya. Na ukiichukua, sherti umpe tena kodi ya mwezi mmoja. Juu ya hayo mwenye nyumba anataka garanti. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12, mwaka 2015, yasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Sheria ni nzuri. Tulimkumbusha mwenye nyumba mmoja maneno yake, naye akacheka, wala si kwa ubaya, akajibu: «Basi, Mwalimu, uende ukalale katika hiyo sheria.» Mtu aliyekuja nyuma yetu alilipa miezi sita siku ileile.

Hesabu ilikuwa hivi. Vyumba viwili katika Kenya vilikuwa vimefika dola 70. Miezi sita ni dola 420, na komisionere 70: jumla 490, kabla hujahamisha hata godoro. Twaweza kusema kwa kweli kwamba maisha yetu yote hatujapata kushika dola 490 mkononi kwa mara moja.

Tuliona nyumba nyingi. Moja ilikuwa karibu na mfereji, na juu ya ukuta wake tuliona mstari wa matope uliofika magotini. Komisionere alisema ni rangi. Nyingine dirisha lake lilitazama baa. Nyingine tena ilikuwa safi, alakini jamaa kumi na moja walitumia choo kimoja. Kila jioni tulirudi na vumbi miguuni, na mama watoto hakuuliza kitu, alitazama uso wetu tu.

Sasa tutaje jambo tunaloona haya kulitaja. Katika Katuba tulipata nyumba ya mama mmoja mjane: vyumba viwili na barza ndogo, uani pamefagiwa vizuri, kodi dola 55, garanti ya miezi mitatu kama sheria inavyotaka. Kutoka pale mpaka kanisani ni dakika 40 kwa miguu. Tulifurahi mno. Mama yule akatukaribisha kiti, akauliza: «Mwalimu, uko na watoto wangapi?» Kwa maana choo kikijaa ni yeye anayelipa watu wa kukizibua. Sisi tuna watoto watano. Tukajibu: «Wawili.» Neno lilitoka lenyewe, kama mbuzi anayetoka kamba ikikatika. Tukamwachia dola 80 tulizokopa kwa ndugu, akaandika karatasi.

Njiani tulikwisha kupanga yote: watatu wangekwenda kwa nyanya yao Kipushi, kisha wangerudi mmoja mmoja, kana kwamba wanakuja kutembea tu. Mama watoto alikuwa akichagua maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Vema, Baba watoto. Sasa taja majina ya wale watatu.» Hakututajia amri ya nane. Angeitaja tungepata la kujibu, maana seminarini tulijifunza kujibu. Lakini majina hatukuweza kuyataja. Mdogo wao alikuwa amelala juu ya goti letu.

Kesho yake tulirudi Katuba, tukasimama barzani, tukasema ukweli. Mama yule akanyamaza kidogo. Kisha akasema: «Watano ni wengi, Mwalimu. Choo changu ni kimoja.» Akaingia ndani, akatoa zile dola 80, akazihesabu mara mbili mbele yetu, hakukata hata moja. Nyumba hakutupa. Wako wengine tuliowasimulia habari hii waliomlaumu, sisi hatumlaumu. Tulipofika mlangoni alitupa maji ya kunywa.

Wazee wetu hawakutafuta nyumba namna hii, ingawa wao nao walikuwa na taabu zao. Tangu mwaka 1928 hivi Union Minière ilitaka wafanyakazi wake wakae na wake na watoto, ikawajengea makambi karibu na mitambo. Nyumba ilifuata kazi: siku ya kupewa kazi ulipewa na mlango, na siku ya kupoteza kazi ulipoteza vyote viwili. Kwa ajili ya watu wa kazi nyingine serikali iliunda mwaka 1952 ile Ofisi ya Cités Africaines, iliyojenga nyumba nyingi katika Ruashi. Na Katuba watu wengi walijijengea wenyewe kwa mkopo, tofali kwa tofali. Baada ya mwaka 1967 Gécamines ilishika makambi. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha kazi yake kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, na tangu hapo hata mtoto wa mchimba shaba anatafuta nyumba kwa komisionere kama sisi. Mji unakwenda mbele kuelekea porini kila mwaka, lakini soko, shule na ofisi zimebaki katikati. Ndiyo sababu saa kumi na moja za asubuhi barabara zimejaa watu wanaorudi katika mji wanamokaa.

Basi mwisho tukapata nyumba mbali, ng'ambo ya Katuba, katika komini ya Annexe: kilometa 11 toka kanisani. Vyumba vitatu vya tofali mbichi, mabati mazuri, kisima cha jirani, umeme hakuna. Kodi dola 25. Mwenye nyumba hakuuliza habari za watoto hata kidogo. Yeye mwenyewe ana wanane. Tulihama katika mwezi wa tisa, vitu vyote juu ya mkokoteni mmoja, na tulijiona matajiri.

Mwezi wa kwanza ulitufundisha. Toka kule mpaka Kenya ulipanda taksibisi mara mbili, franka 500 kila mara. Kwenda na kurudi ilikuwa franka 2,000, nayo wakati ule ilikuwa dola moja. Siku 26 za kazi ni dola 26. Mama watoto alikuwa akiuza katika soko la Kenya, naye dola 26. Ongeza kodi 25, utapata dola 77. Tulikuwa tumekimbia nyumba ya dola 70, tukaangukia ya 77! Tulirudia hesabu ile kwa taa, tukidhani tumekosea pahali. Hatukukosea.

Kwa hiyo mama watoto akaacha meza yake ya Kenya, pamoja na wateja wa miaka sita, akaanza kuuza unga na makala mbele ya nyumba. Miezi miwili hakupata kitu cha maana. Sisi tukanunua kinga iliyotumika, kwa deni. Watoto wanne wakaingia shule ya kule. Lakini mkubwa, msichana, alikuwa katika darasa la sita, mwaka wa mtihani wa serikali, na mwalimu wake alituomba tusimtoe. Basi tukamchukua nyuma ya kinga. Kila siku tuliondoka saa kumi na nusu, giza tupu, naye analala akiegemea mgongo wetu. Tulimfunga kwa kitenge kiunoni, kama mama anavyofunga mtoto mchanga, ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili na aliona haya.

Katika mwezi wa pili mvua ilinyesha usiku kucha. Gurudumu liliteleza penye potopoto, tukaanguka wote wawili. Kitenge kilimzuia asiruke, akaanguka chini yetu, akapasuka mkono. Tulifika kanisani tumechelewa, watu wamesimama nje katika mvua, mtoto analia, damu juu ya daftari. Padri hakusema neno juu ya mlango. Alimfunga mkono kwanza. Kisha akauliza: «Mwalimu, tangu lini mnakaa kule?» Tukasema: tangu mwezi wa tisa. «Na kwa nini hukuniambia?»

Hatukupata jibu, na hata leo hatuna jibu zuri. Mtu anaona haya kusema kwamba hana pahali pa kukaa, hasa akiwa mtu ambaye wengine humjia wakitafuta shauri. Tangu wiki ile ufunguo ulipewa kijana anayekaa jirani na kanisa, na binti yetu alilala kwa mama mmoja wa jumuiya siku za wiki mpaka mtihani ulipokwisha. Alishinda.

Wewe msomaji unayetafuta nyumba sasa, usiende kuitazama siku ya Dominika mchana, wakati njia ni nyeupe na moyo umetulia. Uende siku ya kwanza, saa kumi na moja asubuhi, na ikiwezekana siku ya mvua. Hesabu magari ya kila mtu wa nyumbani, si yako peke yako. Na garanti usiitoe pasipo karatasi.

Tungali tunakaa kule. Kodi imeongezwa mara moja, dola 5. Wateja wa mama watoto wamekuwa wengi, na jirani wa pili amevuta umeme, basi tunatumaini. Kila asubuhi tunapita na kinga mbele ya nyumba ya yule mama mjane wa Katuba. Mara nyingi tunamkuta akifagia. Tunapiga kengele, naye anainua kichwa.

«Mwalimu, watoto?»

«Wako, Mama.»

«Wote watano?»

«Wote watano.»

Naye anaendelea kufagia.